Maudhi, Hatari, Mazoea na Uraibu: Istilahi za Dawa ya Mofini

Huko Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, Kizigua na Kisambaa husemwa nyumbani, na Kiswahili ndicho kimuunganishacho tabibu na mgonjwa. Neno likikosewa, tiba nayo huharibika. Tuchukue mfano wa mofini, dawa ya maumivu makali kama ya saratani, itokanayo na afyuni. Afyuni ndiyo kasumba. Lakini neno kasumba limekwisha kuhamia kwenye fikra potofu, hasa za kikoloni, hata halifai tena kwa dawa.

Neno "madhara" nalo hubebeshwa mambo manne yaliyo mbalimbali. Kwanza ni maudhi: kichefuchefu na kusinzia, ambavyo kwa kawaida hupungua baada ya siku chache, na kufunga choo, ambako huendelea, hivyo mgonjwa hupewa dawa ya kulainisha choo tangu mwanzo. Pili ni hatari: kupumua polepole mno na kulala fofofo bila kuamshika, hapo msaada hutakiwa mara moja. Tatu ni mazoea ya mwili, yawezayo kumpata yeyote aitumiaye dawa kwa muda mrefu; naye asiiache ghafla bila ushauri wa daktari. Nne ni uraibu, yaani kuitafuta dawa kwa uchu ijapokuwa inamdhuru mtu.

Mgonjwa aambiwaye tu kwamba dawa "ina madhara" au "inalevya" aweza kuiacha, akateseka bure. Asiyeambiwa lolote aweza kuangamia. Twapendekeza basi maneno hayo manne yatenganishwe.