Kununua nyumba Moshi kwa fedha za benki: anayekuuzia ni nani?



Katika masuala ya muamalat yanayotufikia kutoka Unguja na Pemba, moja limekuwa likijirudia kwa sura mbalimbali. Familia ina duka Moshi, au ina mgonjwa anayehudhuria KCMC mara kwa mara, au ina watoto wanaosoma huko. Imechoka kulipa kodi ya pango na inataka nyumba yake. Fedha taslimu hazitoshi, na benki iko tayari kukopesha. Tena yuko ndugu aliyeko Marekani, anatuma ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp: chukueni mkopo, sisi huku sote tumenunua hivyo hivyo. Basi tunaulizwa: inajuzu?

Tutalijibu, in shaa Allah. Lakini kwanza tuuangalie huo ushauri wa Marekani, kwa sababu unapotosha katika jambo ambalo muulizaji hakuliuliza.

Ndugu huyo hasemi uongo. Kule, anayenunua nyumba kwa mkopo hupitishwa kwenye hatua zinazomlinda hata kama mwenyewe hazijui. Kampuni maalumu hupekua rekodi za umiliki, kisha hutoa bima ya hati. Benki huidai kwa ajili yake, na mnunuzi anaweza kukata ya kwake. Miaka kumi baadaye akitokea mrithi aliyefichwa, bima ndiyo inayobeba kesi na hasara. Na mkopo wenyewe mara nyingi ni wa miaka 30 kwa kiwango kisichobadilika. Wale waliochukua mikopo ya kiwango kinachopanda na kushuka, wengi wao waliziona nyumba zao zikipigwa mnada katika msukosuko wa 2007 na 2008.

Moshi hakuna desturi ya bima ya hati. Ukinunua kwa asiyekuwa na haki ya kuuza, hasara ni yako, na deni la benki linabaki pale pale. Riba nayo si ya Marekani. Kwa miaka ya karibuni mikopo ya nyumba Tanzania imekuwa ikizunguka kati ya asilimia 15 na 19, na mikataba mingi huipa benki haki ya kupandisha. Tuchukue mfano wa shilingi milioni 60 kwa miaka 15, kiwango asilimia 16. Kila mwezi utalipa kiasi cha shilingi 881,000, na mpaka mwisho utakuwa umelipa karibu milioni 159. Kiwango kikipanda hadi asilimia 18 tangu mwanzo, malipo yanafika kiasi cha 966,000 kwa mwezi. Mwenye duka la nguo anajua laki moja kasoro ya kila mwezi maana yake nini katika mwezi ambao hakuna biashara.

Kihamba hakiuzwi kama kiwanja cha mjini

Anayetoka visiwani amezoea utaratibu mwengine. Ardhi si jambo la Muungano: Zanzibar ina Sheria yake ya Umiliki wa Ardhi ya 1992, na Bara ina Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za 1999. Mzanzibari, akiwa raia wa Tanzania, anaweza kumiliki ardhi Moshi. Ndugu aliyeko Marekani, ikiwa ameshachukua uraia wa huko, sheria inamhesabu si raia, na kwa Sheria ya Ardhi asiye raia kwa kawaida hupewa ardhi kwa ajili ya uwekezaji. Basi msiiandike nyumba kwa jina lake kwa kuwa yeye ndiye mtumaji wa fedha, mpaka wizara inayohusika ithibitishe kwa maandishi hadhi yake inampa haki gani. Na ikiandikwa kwa jina la mwengine kwa niaba yake, liandikwe na hilo pia, mbele ya mashahidi. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur-aan, imekuja kwa ajili ya kuandikiana deni na kushuhudiza. Ndugu wa tumbo moja hawakutolewa ndani yake.

Moshi yenyewe ina sehemu mbili. Iko ardhi ya mjini iliyopimwa, kama ilivyo Shanty Town au Majengo, ambako mtu huwa na hati miliki ya miaka 33, 66 au 99. Hapo kosa la kawaida ni kutosoma tarehe. Hati ya miaka 33 iliyoanza 1996 inafika mwisho 2029. Anayekopa kwa miaka 15 juu ya hati hiyo ananunua miaka michache, na jengine lote ni matumaini kwamba itahuishwa.

Kisha ziko nyumba za mlimani: Kibosho, Uru, Machame, Marangu, Kirua Vunjo. Huko bei hushawishi na hewa ni nzuri. Lakini huko ndiko kwenye kihamba. Kihamba ni makaazi na shamba kwa pamoja, migomba na kahawa chini ya miti, na mara nyingi makaburi ya wazee yamo humo humo. Kwa mila ya Wachagga ni urithi wa ukoo unaopita kwa watoto wa kiume, na kwa desturi mtoto wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi. Kumuuzia mtu wa nje ni jambo zito, na kijana mmoja mwenye shida ya fedha anaweza kukuonesha mipaka, akapokea fedha zako, kisha baba zake wadogo wakaja kukuuliza umeingiaje.

Pale ambapo ardhi ni ya kijiji, mauzo yanahitaji idhini ya Halmashauri ya Kijiji, na bila ya idhini hiyo hayana nguvu. Sahihi ya mwenyekiti peke yake kwenye karatasi ya mauziano si idhini ya halmashauri. Takeni muhtasari wa kikao. Ulizeni pia kuhusu mfongo, ule mfereji wa asili unaoteremsha maji kutoka mlimani, kwani ukipita ndani ya eneo hauwezi kuuziba, wengine wana haki ya maji yake. Na ikiwa nyumba iko juu kabisa, karibu na ule ukanda wa msitu unaoitwa nusu maili, ondokeni. Ukanda huo siku hizi umo ndani ya mipaka ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro.

Hapa linakuja jambo ambalo kwetu ni la dini kabla ya kuwa la sheria. Wauzaji wengi wa nyumba za mlimani na za mjini wanauza mali ya marehemu. Kule kwetu mirathi ya Muislamu inakwenda Mahakama ya Kadhi. Bara, sheikh wa mtaa au kadhi wa BAKWATA anaweza kuwagawia warithi na kuwasuluhisha, na hilo ni jema, lakini ofisi ya ardhi itangoja barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakama ya serikali, mara nyingi Mahakama ya Mwanzo. Asiye na barua hiyo hana cha kukuuzia, hata akiwa mtoto mkubwa, hata akiwa na hati ya baba yake mkononi.

Hata barua ikiwepo, tazameni nani hakutajwa. Mjane yuko wapi? Mabinti walioolewa Arusha na Dar es Salaam wamekubali? Ikiwa marehemu alikuwa Muislamu, Sharia imewapa fungu lao, na mila ya kuwapa watoto wa kiume pekee haiondoi fungu hilo. Anayeuza fungu la dada yake bila ya idhini yake anauza mali ya mwengine. Bai' ya namna hiyo, ambayo mafakihi wanaiita bai' ya fudhuli, ni batili katika kauli mpya ya Imam Shafi'i. Hanafi na Maliki wanaisimamisha mpaka mwenye mali akubali. Kwa kauli yoyote katika hizo, ukihamia kabla dada huyo hajakubali unaswali ndani ya nyumba ambayo sehemu yake si yako. Tunashauri kila mrithi aliye mzima wa akili na aliyebaleghe atie sahihi mwenyewe, ana kwa ana au mbele ya wakili kule aliko. Ikiwa yumo yatima mdogo, fungu lake haliuzwi ila kwa maslahi yake na kwa ruhusa ya mahakama.

Mume akiuza, mke naye aulizwe. Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza nyumba ya wanandoa kuuzwa au kuwekwa rehani bila ya ridhaa ya mwenzake. Sheria ya Ardhi nayo, kwenye kifungu cha 114, imetaka ridhaa ya maandishi kwenye rehani. Kwa mwenye wake zaidi ya mmoja, ni ridhaa ya yule anayeishi humo.

Mengine ni ya kawaida na tutayapitia haraka. Fanyeni upekuzi rasmi kwenye ofisi ya ardhi ya mkoa iliyopo Moshi. Ada yake ni ndogo, na majibu yatakuonesheni mwenye jina na kama kuna rehani au zuio. Hesabuni ushuru wa stempu, ada ya wakili na ya usajili, na kodi ya pango la ardhi ambayo muuzaji hajalipa. Kodi ya ongezeko la mtaji ni juu ya muuzaji, lakini bila ya kulipwa hati haihamishwi, kwa hiyo mkubaliane mapema nani anailipa na lini. Na msimpe dalali fedha za nyumba. Yeye apewe ujira wake tu.

Sasa suala la mkopo

Mkopo wa benki wa kawaida, unaochukua milioni 60 na kurudisha 159, ni riba, na hukumu yake imo katika aya ya 275 ya Suratul Baqara. Wako wanaotuletea fatwa ya Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti ya mwaka 1999 iliyoruhusu nyumba kwa mkopo wa riba. Waisome yote. Ilizungumzia Waislamu wanaoishi Ulaya kwa uchache wao, kwa nyumba moja ya kukaa, kwa asiye na njia nyengine, na pamoja na hayo wanachuoni wengi hawakukubaliana nayo. Tanzania njia nyengine ipo. Amana Bank ilifunguliwa 2011 ikifuata misingi ya Sharia, na benki nyengine, PBZ ikiwemo, zina huduma za aina hiyo. Haiwezi kusemwa kwamba mlango umefungwa.

Lakini jina la Kiarabu juu ya mkataba halitoshi. Katika murabaha, benki inanunua nyumba kwanza, kisha inakuuzia kwa bei inayojulikana, faida ikiwa wazi, nawe unalipa kwa mafungu. Bei hiyo haipandi tena. Hadithi ya Hakim bin Hizam inakataza mtu kuuza asichokuwa nacho, na ndiyo maana mpangilio wa tarehe una uzito mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Ukitia sahihi ya kununua kwa benki Jumatatu, na benki ikanunua kwa muuzaji Alkhamisi, muamala umeharibika. Kosa jengine tunaloulizwa sana ni mtu kumlipa muuzaji kwanza kwa fedha za kuazima, kisha akaenda benki kutaka murabaha ili alipe deni. Nyumba imeshakuwa yake, benki itamuuzia nini? Nendeni benki kabla ya kutoa hata fedha ya kishika nafasi, au iandikwe kwamba itarudishwa benki ikikataa hati.

Ulizeni pia: nikichelewa kulipa, faini inakwenda wapi? Ikiingia kwenye mapato ya benki, hiyo ni riba iliyorudi kwa mlango wa nyuma. Benki inayofuata Sharia huipeleka kwenye sadaka. Na msidhani kwamba benki imekuhakikishieni hati. Wanasheria wake wanaikagua kwa maslahi ya benki, na mara nyengine wanaridhika kwa sababu mmeweka rehani ya pili ya Unguja ambayo wanajua wataiuza.

Aliyekwisha chukua mkopo wa riba asikimbie. Toba inampasa, na deni pia linamlazimu. Akimbie kuongeza mkopo juu ya mkopo, alipe mapema awezavyo, na amuulize mwanachuoni pamoja na benki ya Kiislamu kama kuna namna sahihi ya kuhamisha. Akishindwa, asiifiche barua ya benki kabatini. Notisi ya kushindwa kulipa inampa siku 60, na mnada wa nyumba hutangazwa siku 14 kabla. Katika siku hizo bado anaweza kuuza mwenyewe, kwa idhini ya benki, kwa bei ya soko, akalipa na kubakiwa na kitu. Baada ya nyundo ya dalali wa mnada kugonga, huwa amebaki na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya na nauli za kwenda na kurudi Moshi.

Wallahu a'lam.