Majivu na Moshi: Ukali wa Namna Mbili

Kuna mambo mawili ambayo kila mtu ameyaona jikoni. Maji yaliyochujwa katika majivu ya kuni huteleza vidoleni kama sabuni. Tena mtu awashapo kiberiti, harufu kali humchoma puani. Harufu hiyo yatoka katika salfa iliyomo kichwani mwa njiti. Majivu na moshi huo vyote viwili ni wana wa moto. Mbona basi tabia zao ni mbali mbali?

Yafaa tujue kwanza ya kwamba kuungua ni kushikamana na oksijeni iliyomo hewani. Kitu kishikamanapo nayo, huzaliwa kitu kipya kiitwacho oksaidi. Kwa kawaida oksaidi za metali ziyeyukazo majini hufanya besi, nayo huteleza na kugeuza karatasi nyekundu ya litmasi kuwa ya buluu. Oksaidi za vitu visivyo metali, kama salfa, hufanya asidi, yenye uchachu kama wa ndimu. Nayo huigeuza karatasi ya buluu kuwa nyekundu.

Mwaka 1869 mtaalamu wa Urusi, Dmitri Mendeleev, alizipanga elementi katika jedwali. Na tuufuate mstari wake wa tatu kutoka kushoto kwenda kulia. Oksaidi ya sodiamu ikitiwa majini huwa besi kali sana, ndiyo kostiki soda ya kutengenezea sabuni. Ya magnesiamu ni besi dhaifu. Ya silikoni ni mchanga mweupe, usioyeyuka majini. Lakini ukichomwa kwa moto mkali pamoja na magadi na chokaa hufanya kioo, nao wahesabiwa upande wa asidi. Za fosforasi, salfa na klorini hufanya asidi waziwazi. Basi kadiri tuendavyo kulia, besi hupungua na asidi huzidi.

Aluminiamu yasimama katikati, kama mtu mwenye jamaa pande zote mbili: oksaidi yake huyeyuka katika asidi, na katika besi kali pia. Utando mwembamba wa oksaidi hiyo ndio uilindao sufuria. Kwa hiyo msiweke kamwe kostiki soda katika sufuria ya aluminiamu; itakula utando, kisha itaila sufuria yenyewe.

Asidi na besi zikikutana huvunjana nguvu, zikawa chumvi na maji. Hapo ndipo elimu hii imfaapo mkulima. Katika pwani yetu watu wamechoma mawe ya matumbawe tangu zamani ili kupata chokaa. Na chokaa hiyo, kabla ya kutiwa maji, ni oksaidi ya kalsiamu, yaani ya metali. Udongo wenye asidi nyingi huzuia mizizi ya mahindi, na chokaa huutengeneza.

Lakini angalieni sana: chokaa si dawa ya kila shamba. Udongo wa magadi umekwisha kuwa na besi. Kuutia chokaa ni kumwongezea mgonjwa maradhi. Mchai nao hupenda udongo wenye asidi. Hapana budi kuupima udongo kwanza, ndipo tuutibu. Tena, mshikapo chokaa isiyotiwa maji, yalindeni macho yenu, kwani ikipata unyevu hutoa joto kali na kuunguza.