Muwa wa Meno na Muwa wa Mizani

Moshi mzito ukianza kupanda jioni upande wa Mtibwa, kwenye kiwanda cha sukari, mama aliyeanika nguo katika mji wa Turiani haulizi unatoka wapi. Anaanua. Muda si mrefu masizi meusi, mepesi kama manyoya ya kifaranga, yatatua uani, juu ya bati na ndani ya ndoo isiyofunikwa. Shamba la miwa limechomwa ili majani makavu yateketee na nyoka wakimbie. Kukicha, wakata miwa wataingia na mapanga.

Kwa wataalamu wa mimea, muwa ni nyasi, ndugu wa mpunga, mahindi na mwanzi. Asili yake ni mbali, kisiwa cha New Guinea, lakini Turiani umepata kila unachokipenda: jua kali, joto la bondeni na maji ya mito kama Diwale na Mkindo, inayoshuka kutoka Milima ya Nguru kuelekea Mto Wami.

Watu wa hapa wana miwa ya aina mbili, na anayetaka kuwaelewa aanzie hapo.

Wa kwanza ni muwa wa nyumbani. Hauna shamba lake. Mashina machache husimama kando ya kijito au nyuma ya migomba, manene, laini, yenye maji mengi. Huu ni wa meno. Mtoto akitoka shule hukata mmoja, akaumenya kwa meno, akatafuna na kutema makapi njiani huku akigawia wenzake. Mwenyeji mwenye adabu humpa mgeni pingili za chini, maana huko ndiko sukari ilikotulia. Kileleni ni majimaji. Mzee ambaye meno yamemtoka hukatiwa vipande vidogo vya kufyonza. Kwingineko muwa wa namna hii umekwenda mbali zaidi ya meno: Wasambaa huutwanga na kuukamua wakapata pombe ya boha, na Wapare wana dengelua yao.

Wa pili ni muwa wa kiwanda, na huo ni wa mizani. Ni mgumu na una nyuzi nyingi. Atakayeutafuna ataumiza ufizi. Mbegu mojawapo iliyoenea kwa miaka mingi katika mashamba ya Tanzania ni NCo 376, ambayo jina lake limebeba safari yake: ilitokana na mbegu za Coimbatore, India, ikachaguliwa Natal, Afrika Kusini. Mkulima hulaza vipande vyenye macho mawili au matatu ndani ya mtaro na kuvifukia, kisha hungoja mwaka mzima au zaidi. Akishavuna hapandi upya, kwa kuwa kisiki huchipua tena na kumpa mavuno mengine kwa miaka kadhaa. Subira hiyo huishia siku ya moto. Muwa uliochomwa haungoji. Kila siku unayolala shambani, sukari inapungua. Ndiyo maana msimu ukifika, mazungumzo ya wakulima wa nje, yaani wale wenye mashamba yao wanaokiuzia kiwanda, ni ya magari, foleni na tani. Mtoto alipima utamu kwa ulimi. Kiwandani utamu hupimwa maabara, na kipimo hicho huingia kwenye malipo.

Muwa huu wa pili ndio uliobadili sura ya mji. Nchi hii ya Wanguu, Wazigua na Waluguru, ambao kwa mila ukoo hufuata upande wa mama, ilipokea vijana wa makabila mengine waliokuja kukata miwa. Wengine walirudi kwao masika ilipoanza na mitambo kusimama. Wengine walioa hapa, wakapata wajomba wapya.

Muwa umeingia hata uwanjani. Timu ya soka ya Mtibwa Sugar, inayojulikana nchi nzima kama Wakata Miwa, ilitwaa ubingwa wa ligi kuu ya Tanzania Bara mwaka 1999 na kuurudia mwaka 2000. Ubingwa huo ulikwenda Manungu, katikati ya mashamba, badala ya kubaki Kariakoo kwa Simba na Yanga. Jina ambalo lingeweza kuwa la dharau kwa kibarua mwenye masizi usoni likawa la kushangiliwa.

Na kijitoni mashina yale machache bado yapo. Anayetaka kuanzisha yake huomba mbegu kwa jirani. Mgeni amekwisha kula pingili za chini. Kile kilele chenye majimaji hukatwa, kikachomekwa kwenye tope la ukingoni, na kuachwa.