Kutafuta mipangilio ya kompyuta: mwanzo wa neno hautoshi

Mipangilio ya kompyuta ya mezani ilipangwa kwanza kama kabati: droo ya sauti, droo ya skrini, droo ya mtandao. Droo zilipozidi, watengenezaji waliongeza kisanduku cha kutafutia. Mwaka 2005 Mac OS X Tiger ilikiweka juu ya dirisha la mipangilio: ukiandika herufi chache, dirisha linaingia giza na mwanga unaangukia alama inayohusika. Windows Vista ilifuata mwaka 2007. Tangu hapo mtumiaji halazimiki kujua kitu kiko wapi. Inampasa kujua kinaitwaje. Kwa hiyo suala limetoka kwa mafundi na kuingia katika idara yetu.

Watu hawakubaliani juu ya majina. Mwaka 1987 George Furnas na wenzake walionyesha kwamba watu wawili wakiombwa kukipa jina kitu kilekile, uwezekano wa kuchagua neno moja ni chini ya 20 kwa 100. Ndiyo maana GNOME, mojawapo ya mazingira ya mezani ya Linux, huambatanisha na kila ukurasa wa mipangilio mstari wa maneno ya kutafutia ambayo mtumiaji hayaoni. Ukurasa wa skrini, kwa mfano, hubeba pia neno la projekta. Maneno hutenganishwa kwa nukta mkato, na mfasiri huonywa asiziguse.

Kuyafasiri maneno hayo kwa Kiswahili peke yake hakutoshi. Njia nyepesi ya kutafuta ni kulinganisha mwanzo wa neno, na Kifaransa huivumilia: régler, réglage na réglages huanza kwa herufi zilezile. Neno letu hubadilika kichwani. Anayeandika "kifaa" haupati ukurasa wa "vifaa". Na kama vitendo vyote vimeandikwa kwa ku-, anayegonga k na u analetewa nusu ya kompyuta.

Tukitafuta katikati ya neno, "ongez" inakamata kuongeza, ongezeko, hata iongezeke. Lakini mtu akiandika "kuongeza" na ukurasa ukasema "ongeza", tunarudi palepale. Lazima viambishi vikatwe pande zote mbili. Kukata nako kuna hatari yake. Ukiondoa ki- bila kuangalia, "kila" inabaki "la", na "la" imo karibu kila mahali. Programu inahitaji orodha ya mashina, si mkasi tu.

Kisha kuna Kiswahili chetu cha Kongo. Wengi hapa Lubumbashi husema "mutandao", na atakayeandika hivyo amepotea tangu herufi ya pili. Wengine huandika "onyesha", wengine "onesha". Kwenye ukurasa wa kibodi mtu ataandika "clavier" bila kusita. Mwalimu wa sarufi angesahihisha. Kisanduku hakina kazi hiyo. Maumbo yote hayo yaingie kwenye mstari uliofichwa, na Kiswahili sanifu kibaki kwenye kichwa cha ukurasa.

Matokeo yaonyeshe njia, kwa mfano Skrini, kisha Mwangaza, na kumfikisha mtu kwenye mstari wenyewe. Pasipopatikana kitu, neno lililo karibu litolewe, kwa kuwa anayejibiwa kwa ukurasa mtupu huamini kwamba mashine yake haina uwezo huo.

Wanaoumia zaidi ni wale wasioona vizuri. Kinachowafaa kiko chini ya "Ufikivu", neno ambalo sijamsikia mtu yeyote akilitumia nje ya darasa. Ukimwuliza mzee mwenye miwani anataka nini, atasema herufi ni ndogo. Kwa ukurasa huo mimi ningeandika hivi, pamoja na nukta mkato ya mwisho:

ufikivu;macho;kuona;sioni;herufi;ndogo;kubwa;maandishi;maandiko;kukuza;miwani;masikio;sisikii;