Hamira ya kwenye chupa

Mwezi uliopita nilikuwa Kisumu, mtaa wa Kaloleni, kwa shangazi yangu aliyeolewa huko miaka mingi. Kila alfajiri hukanda unga wa mahamri ya kuuza, na karai lile ndilo lililosomesha watoto. Hamira imepanda bei. Jirani akamwambia anunue chupa moja ya bia, eti mashapo ya chini ndiyo hamira yenyewe. Shangazi akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeona haya: "Mwanangu, ni kweli? Na Waislamu watakula mahamri yangu?"

Nilianza na la kwanza, kwa sababu la pili ni la masheikh, nami nina diploma tu.

Jirani amesema nusu ya kweli. Hamira ni kuvu hai, ndogo isiyoonekana kwa jicho. Hula sukari, ikatoa hewa na kileo. Kwenye unga hewa ndiyo inayouumua, na kileo karibu chote huondoka kwa moto. Kwenye pipa la bia kileo hubaki. Neno lenyewe hamira ni la Kiarabu, shina moja na khamri.

Lakini bia za kawaida za kiwandani huchujwa, kisha hupashwa moto zisiharibike. Inua chupa mbele ya taa: chini ni safi. Hata kama imebaki hamira, imekufa. Shangazi angetupa pesa na unga.

Wazungu wanaopika bia nyumbani hutafuta chupa za namna nyingine, hasa za Ubelgiji, zinazofungwa na hamira hai ndani. Husimamisha chupa kwenye friji siku kadhaa mpaka mashapo yatulie, humimina taratibu, wakabakisha kama kidole kimoja. Hicho hukitikisa na kukitia kwenye maji ya kimea yaliyochemshwa yakapoa. Huanza na maji machache, maana hamira iliyo hai ni kidogo na imechoka. Povu likitokea baada ya siku mbili tatu, huongeza. Chombo kikiwa kichafu, kitakachoota humo ni bakteria. Tena viwanda vingine hutia hamira tofauti wakati wa kufunga chupa, kwa hivyo unayoivuna si ile iliyopika bia.

Kina mama wa busaa huko ziwani hawana haja na chupa. Chachu yao hutoka kwenye kimea cha wimbi. Bibi zetu wa Pwani nao waliumua mikate kwa tembo la mnazi, jambo ambalo siku hizi hatupendi kulitaja.

Shangazi nilimtoa wasiwasi wa pakiti: hamira ya dukani hukuzwa kwa molasi, si mashapo ya bia. Ya chupa nikamwambia aiache. Tukachanganya unga na maji kikombeni, kila siku tukipunguza na kuongeza mapya.

Siku ya saba, nimesharudi Mombasa, akanipigia simu. Unga umeumuka, ila polepole, inabidi aukande usiku. Na wateja wa Kibuye wanamuuliza kama ametia mala.