Kwa Treni na Watoto hadi Córdoba

Wamo miongoni mwetu wenye jamaa Ulaya, na likizo ikiwadia huwachukua wana wao kwenda kuwazuru. Kwa hao twasema: mkijaaliwa, pandeni treni mfike Andalusia.

Tiketi ya Eurail, iliyowekwa kwa wasio wakazi wa Ulaya, humwezesha mtu mzima kufuatana na watoto wawili wasiotimiza miaka 12 bila ya kuwalipia. Lakini treni za kasi za Hispania hutaka kiti kikatwe mapema, nacho hulipiwa mbali.

Kutoka Madrid hadi Córdoba ni zaidi ya kilomita 300, na mwendo wake haufiki saa mbili. Masafa hayo yaruhusu kupunguza Swala: Adhuhuri, Alasiri na Isha huwa rakaa mbili mbili, Magharibi hubaki tatu. Adhuhuri na Alasiri zikusanywe baada ya kushuka, mahali patulivu, watoto wapate kujifunza kwa vitendo walichokisoma chuoni.

Huko Córdoba uko msikiti ulioanzwa na Abdurahman wa Kwanza mwaka 785. Tangu 1236 ni kanisa, na Waislamu hawaruhusiwi kuswali humo. Mtoto atauliza: "Mama, mbona hatuswali?" Jibu lisiwe la chuki. Tumwambie ukweli wa tarehe, kisha tumkumbushe kuwa msikiti huhuishwa na wanaouendea, na kwamba wa mtaani petu ungali wazi, wamngoja arudi.

Na tawfiki yatoka kwa Mwenyezi Mungu.