Nyama Isiyo na Muhuri

Hapa Vingunguti, katika Wilaya ya Ilala, hata mtoto mdogo anaujua muhuri wa nyama. Tunaishi jirani na machinjio makubwa, na tunafahamu kwamba ng'ombe au mbuzi aliyechinjwa hatoki pale kwenda buchani mpaka mkaguzi amtazame na kumgonga muhuri. Muhuri ule ni ahadi. Unasema kwamba yuko mtu aliyeikagua nyama hii, na kwamba ikiwadhuru walaji yupo wa kuulizwa.

Hata hivyo, ndugu wasomaji, si vema kunyosha kidole kwa wengine kabla ya kujikagua mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, alfajiri moja, jirani alinibishia hodi akiwa na furushi la nyama. Alisema ni nyama ya porini iliyoletwa na jamaa yake kutoka Rufiji. Bei ilikuwa nafuu. Sikumwuliza ni nyama ya mnyama gani, aliuawa na nani wala kwa kibali kipi. Nilinunua kilo mbili. Mke wangu aliponiuliza mbona nyama haina muhuri, nilimjibu kwa ukali kwamba nyama ni nyama. Tukapika, tukala. Siku hiyo sikujihesabu kuwa jangili, kwa kuwa sikushika bunduki.

Huo ndio udanganyifu tunaojidanganya wengi wetu. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haimtazami mpiga risasi peke yake. Anayenunua, anayeuza na anayekutwa na nyara za Serikali bila idhini, wote ni wakosaji. Na tangu mwaka 2020 zipo kanuni zinazoruhusu mabucha ya nyamapori yenye leseni. Mwenye hamu ya nyama hiyo anaweza kuitafuta mchana kweupe. Anayeifuata gizani hana tena udhuru.

Pengine ndugu zetu wa Visiwani watasema kwamba haya ni mambo ya Bara, kwani kwao hakuna tembo. Kweli, tembo hawachungi Unguja. Lakini mwezi Agosti 2011, katika bandari ya Zanzibar, zilikamatwa pembe zaidi ya 1,000 zilizofichwa ndani ya shehena ya dagaa. Mwezi Novemba 2013, bandarini hapo hapo Malindi, likakamatwa kontena jingine, pembe zikiwa zimefunikwa kwa makombe ya pwani. Pembe hazina miguu. Kutoka porini hadi gatini zimebebwa na mikono, zimesafiri kwa magari na vyombo, na zimeandikiwa hati. Penye hati pana kalamu, na penye kalamu pana mtu. Mtu huyo ama alifumba macho, ama hakujishughulisha kutazama.

Matokeo yake tunayajua. Hesabu ya mwaka 2009 ilionyesha kwamba nchi yetu ilikuwa na tembo wapatao 109,000. Kufikia mwaka 2014 walibaki kiasi cha 43,000. Na hii ni nchi ambayo kiongozi wake, Mwalimu Julius Nyerere, alitangaza mjini Arusha mwezi Septemba 1961 kwamba wanyama hawa ni dhamana tuliyokabidhiwa kwa ajili ya vizazi vijavyo.

Wako wanaoamini kwamba dawa ni nguvu tu. Mwezi Oktoba 2013 ilianzishwa Operesheni Tokomeza dhidi ya majangili. Nia ilikuwa njema, lakini wananchi wakateswa, wengine wakapoteza maisha, na operesheni ikasimamishwa. Bunge lilipopokea taarifa ya uchunguzi, mwezi Desemba mwaka huo huo, mawaziri wanne walipoteza nyadhifa zao. Hapo tulifundishwa kwamba uwajibikaji hauishii kwa mnyonge mwenye gobore. Hupanda hadi kwenye kiti cha waziri. Lakini tulifundishwa pia kwamba operesheni haiwezi kufanya kazi ya dhamiri. Askari hawezi kusimama katika kila jiko.

Na jikoni ndiko msiba hutokea. Mwezi Novemba 2021, huko Pemba, watu 7 walifariki baada ya kula nyama ya kasa. Mwezi Machi 2024, katika Kisiwa Panza, msiba ukarudi: watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki, na watu 78 wakalazwa hospitalini. Nyama ya kasa wakati mwingine huwa na sumu ambayo moto wa jiko hauiondoi. Hatuwalaumu wafiwa, kwani waliokula walikula kwa desturi na kwa ukarimu wa jirani kwa jirani, kama nilivyokula mimi. Tofauti kati ya nyumba yangu na nyumba zao ni bahati tu. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, na mara nyingi walio wa kwao ni watoto wasiojua lolote.

Kwa hiyo tunawaomba watumishi wa Serikali, wa Bara na Visiwani, walio mizanini, bandarini na ofisini: kabla hujagonga muhuri, fungua utazame. Muhuri uliogongwa bila kutazama ni sawa na risasi. Na sisi wananchi yatupasa kuuliza maswali matatu kabla ya kutoa fedha: mnyama gani, nani amemuua, kibali kiko wapi? Asiyeweza kujibu, arudi na furushi lake.

Jirani yangu hajarudi tena na furushi. Akirudi, nitamwuliza. Na mke wangu nimekwisha kumwomba radhi, kwa kuwa siku ile yeye ndiye aliyekuwa mkaguzi wa kweli katika nyumba yetu.